Moto wa Mwezi wa Sita

Baba yangu, mzee Nduwayezu, ninayemwita Data kwa lugha ya kwetu, alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Kibondo siku ya Jumanne. Jumatano nikamfuata na gari kumrudisha nyumbani Kasulu. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa bandeji hadi kesho yake asubuhi, na la kushoto lilipofuka kitambo. Kwa hiyo safari nzima macho yalikuwa yangu.

"Tumefika wapi, Jeanne?"

"Tunaanza kushuka korongoni, Data. Mto uko chini, upande wa kulia, maji kidogo. Miamba ya ng'ambo inang'aa kwa jua."

"Na miti?"

"Imepukutika. Michache imeanza kuchipua majani mekundu."

Akatabasamu. Nampenda baba yangu, lakini anachosha. Anataka umsimulie hadi mbuzi wa barabarani. Mbele kulikuwa na moshi, jambo la kawaida mwezi wa nane. Nikamwambia.

"Moshi usikutishe," akasema. "Mwezi wa sita nilimwagiza Ildefonsi, kijana anayenitunzia nyuki, achome kuzunguka miti yangu ya mizinga, nyasi zikiwa bado na ubichi. Moto wa sasa ukifika pale hauna cha kula."

Nikaongeza mwendo.

Mimi nimekulia dukani kwa shangazi, Kasulu mjini. Mambo ya nyuki siyajui, ila kujifanya najua ndiyo kazi yangu. Mwezi huo wa sita nilipita njia hii hii, nikaona moto mdogo unatambaa chini ya miti ya baba, na mtu hayupo. Nikashuka na hasira zangu zote, nikakata matawi, nikaupiga mpaka ukafa, huku nikimtukana aliyeuwasha. Sikumwambia mtu. Habari hiyo nilikuwa nimemwekea baba kama zawadi, nijisifu siku atakapopata kuona tena.

Tulipomaliza kona ya mwisho nikaiona miti yake kule bondeni.

"Na sasa?" baba akauliza. "Unaona nini?"

Ningeweza kumdanganya. Asingejua leo. Lakini alikuwa amenigeuzia uso wake wote, anasubiri, nikashindwa.

"Data, nyasi chini ya mizinga yako zinafika kiunoni, na moto umeshaingia. Ule wa Ildefonsi niliuzima mimi. Nilidhani ni wa mhalifu. Nisamehe."

Nikaegesha gari, nikavunja matawi, nikateremka mbio.

Sitajitia ushujaa. Nilipiga moto kama mwendawazimu, na kila nilipozima hatua tano ulizuka nyuma yangu. Mizinga ya magome ilikuwa ikiwaka juu ya miti, mmoja baada ya mwingine, na nta ilidondoka ikiungua. Nyuki walizunguka kwenye moshi bila pa kutua. Nililia kwa sauti, sikuona haya. Mwishowe nikabaki nakwangua nyasi kuzunguka mninga mmoja tu uliokuwa karibu na barabara.

Baba alikuwa amesimama, ameshika mlango wa gari, anapiga kelele kuelekea kwenye joto.

"Toka huko, mwana wanje, mwanangu! Mizinga tutatengeneza mingine! Jeanne, toka!"

Kati ya mizinga ishirini na mitatu ilipona miwili, yote ya mninga ule. Nilimwambia idadi hiyo tukiwa njiani, naye akasema, "Haya." Hadi tunaingia Kasulu hakuniuliza tena nini kinaonekana, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Asubuhi nilimfungua bandeji mwenyewe. Akapepesa jicho. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Nyusi zako ziko wapi?"

"Zimebaki korongoni, Data."

Alicheka kidogo, kisha akanipapasa pale nyusi zilipokuwa, taratibu, kama bado haoni.

"Mwakani, mwezi wa sita, utachoma wewe," akasema. "Nami nitakuwa natazama."