Maana ya Hohehahe

Kwaruu, pa. Kwaruu, pa. Kabla hajatokea mlangoni nilijua ni baba. Katambuga lake la kushoto lilikatika ukanda, akalifunga kwa kamba ya katani, na sasa kila hatua lilimtangaza.

Ilikuwa mwaka 1974, Kisarawe, katika ghala la korosho tulilokuwa tukilitumia kwa kisomo cha watu wazima. Mwalimu nilikuwa mimi, Saburi. Siku hiyo alikuja mkaguzi kutoka Kibaha, Ndugu Alfonce, aliyesikia kwamba kuna kijana anatunga mashairi bila kufundishwa na mtu. Nilivaa shati la kuazima.

Baba akaketi kwenye gunia la mbele kabisa, suruali yake viraka vitupu.

"Mzee huyu ni nani?" Ndugu Alfonce akauliza.

"Mwanafunzi wangu tu."

Wanafunzi wakatazamana. Bi Kidawa, aliyeketi kando ya baba, akakohoa. Nikaharakisha kusoma shairi langu: hohehahe ni asiye na jembe, asiye na godoro, asiye na sukari.

"Ee mwalimu, si umetuorodhesha sote!" Bi Kidawa akadakia. Watu wakacheka.

Baba hakucheka. Alinyoosha mkono, akasimama.

"Mwalimu, naomba kusema." Mimi huyo, baba yangu ananiita mwalimu. "Bibi aliyenilea hakumwita mtu hohehahe kwa kukosa jembe. Kwake yeye, hohehahe ni mtu aliyekufa, akakosa mwana wa kushuka kaburini kumpokea. Akapokelewa na wapita njia."

Akaketi. 

Ndugu Alfonce alipiga makofi, akanialika nikasome shairi langu Kibaha Jumamosi, kwenye mkutano wa mtaa wa Kwa Mathias. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo mwaka mzima. Sasa niliitikia huku nikitazama viraka vya baba.

Watu walipotawanyika, baba alikuwa ameshatoka. Daftari lake lilibaki juu ya gunia. Kwenye jalada, kwa herufi zilizopinda, alikuwa ameandika jina lake: Baba Saburi.

Nikatoka mbio.

"Baba!"

Hakugeuka. Kwaruu, pa. Nyuma yangu mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, na Bi Kidawa, na wengine. Nikapaza sauti wasikie wote.

"Baba, Jumamosi tunakwenda wote Kibaha. Sitasoma hata ubeti mmoja kabla sijawaambia watu kuwa wewe ni baba yangu. Na siku yako ikifika, kaburini nitashuka mimi."