Doti Tatu kwenye Shokapu

Mwaka ule magari ya mitumba ya Japani yalikuwa yakimiminika, na Bi Mwanahawa wa Mafiga alidunduliza mpaka akapata gari dogo la saluni, jeupe. Akamkabidhi Mansuri, mtoto wa mdogo wake Mwajuma, abebe abiria wa Matombo. Mwezi wa pili Mansuri akaenda nalo Dar, likarudi limechuchumaa, tumbo karibu liguse vumbi.

"Shikamoo mama mkubwa. Nimelishusha kidogo, ndiyo mtindo."

"Marahaba. Mtindo gani wa kukaa kama kuku anayetaga?"

Wiki mbili baadaye Bi Mwanahawa alipanda. Kila shimo gari lilidunda mara tatu, kisha chini likagonga kwaa! mpaka meno yakagongana. Alipouliza, Mansuri akatazama dirishani. Tena miguuni ana viatu vipya. Basi, Bi Mwanahawa akajua: huyu kauza shokapu za Japani, kaweka za kuokota. Jioni ile ile akamwambia Mwajuma, "Mwanao mwizi. Ikithibitika, ufunguo namnyang'anya, na kwangu asikanyage."

Asubuhi akamburuta Mansuri mpaka gereji kwa Fundi Castory.

"Mama mkubwa, lakini..."

"Nyamaza. Fundi, toa magurudumu, kila shokapu nitafutie doti tatu nyekundu."

Mansuri hakujua kwamba siku gari lilipofika, Bi Mwanahawa alipenyeza mkono akapaka kila shokapu doti tatu za rangi ya kucha, kama wanawake wanavyotia alama masufuria yakienda kuazimwa shughulini, yasibadilishwe.

Castory akafuta tope kwa kitambaa. Doti tatu, nyekundu. Akafuta ya pili, ya tatu, ya nne. Zipo.

"Ni zako mama. Ila zimekufa."

"Zife vipi, gari halina hata miezi mitatu tangu lifike?"

"Springi zimekatwa. Hii fimbo ya shokapu inataka nafasi ya kupanda na kushuka. Gari likishushwa, fimbo inashinda imezama. Shimo dogo tu, inagonga mwisho. Kwa barabara ya Matombo sili, zile raba za kuzuia mafuta, zikapasuka. Ona mafuta yanavyovuja."

"Nilikata springi tu," Mansuri akanong'ona. "Shokapu sikuzigusa, wallahi."

Bi Mwanahawa akapitisha kidole juu ya zile doti.

"Mama yako nimemwambia wewe mwizi."

"Najua. Tangu jana hajala."

Bi Mwanahawa akamwagiza Castory atafute springi nzima na shokapu nne, na Mansuri abaki pale amsaidie kuzifunga. Ufunguo akamwachia. Kisha akakaza khanga, akashika njia kwa miguu kwenda kwa Mwajuma, jua likimchoma utosini, akitafuta neno la kuanzia.