Kutu ya Kiganja cha Aurélie

Katika karakana ya Tonton Ruphin, kando ya mto, kutu ndiyo adui. Mvua ikiacha, ukungu unapanda. Na asubuhi mabati ya paa yenyewe yanatoa jasho. Ndiyo maana kila jioni Gédéon, mkereza vyuma wake, hutia makaa kwenye droo za vifaa yanyonye unyevu, akaipaka mafuta mashine ya kukereza, akaifunika turubai. Na sheria ya Tonton haina mjadala: ukigusa chuma kwa mkono mtupu, pangusa papo hapo kwa kitambaa cha mafuta. Jasho la mtu linakula chuma kuliko mvua.

Sasa asubuhi hiyo Tonton alifunua turubai, akapiga ukelele hata kuku wa jirani wakatawanyika.

"Gédéon! Ni mukono ya nani hii?"

Lo! Juu ya chuma kulikuwa na kiganja kizima cha kutu, na vidole vyake vyembamba. Gédéon alikitambua mara moja. Jana alisahau kupaka mafuta, maskini. Angekumbukaje, na Aurélie, binti wa yule mama mwenye boti, ndiyo kwanza ametoka? Alikuwa ameegemea palepale, akimtazama anavyokereza shafti ya boti ya mama yake.

Siku zote za kazi hiyo amempenda huyo binti mpaka usingizi umemkimbia, na hajapata kwake ila "Bonjour" na "Merci, kazi muzuri," uso mkavu kama wa karani. Na leo anachukua shafti aende zake Yanonge, na kurudi ni majaliwa. Lakini kutu hiyo! Mtu asiye na jambo moyoni, mkono wake unaloa vile kwa nini? Gédéon akaangua kicheko, akashindwa kukizuia.

"Unacheka? Leta musasa, tutoe hii uchafu!"

"Tonton, kwa jina la Yesu, usiguse!" Akaikumbatia mashine kwa mikono miwili.

Hivyo ndivyo Aurélie alivyomkuta. Alimtazama yeye, akamtazama Tonton mwenye msasa mkononi, kisha akaiona kutu. Akaweka kiganja chake juu yake, polepole. Kilikaa sawasawa. Ule uso wa karani ukapotea wote.

"Bon," akasema kwa sauti ndogo. "Mikono yangu inaloaka hapa tu. Fasi ingine yote iko mikavu."

Gédéon alikuwa ametunga hotuba nzima ya mapenzi, yenye Kifaransa ndani. Yote ilimtoka kichwani. Alichukua kitambaa cha mafuta, akaushika mkono ule, akaanza kuupangusa kidole kwa kidole, bila haraka hata kidogo, huku wote wawili wakicheka kama waliorogwa. Huko ufukoni mama mtu alikuwa akiililia shafti yake kwa sauti ya kuamsha mji. Hakuna aliyegeuka.

"Na mashine yangu?" akauliza Tonton.

"Kesho, Tonton," wakajibu wote wawili.