Benchi la Juani

"Kuanzia moja mpaka tano, mzee wangu," Bi Kipimo alirudia kwa mara ya tatu, "umeridhika kiasi gani na safari zetu za treni?"

"Mwanangu, mimi sisafiri. Nimemsindikiza huyu." Mzee alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Ukitaka kujua nimeridhika kiasi gani na kuondoka kwake, niulize akishapanda."

Mkewe alimfinya mkono, mzee akaguta, na watu waliokuwa karibu wakacheka. Bi Kipimo naye alicheka, maana kazi ile bila kicheko ingemshinda. Kampuni ilikuwa imempa fomu mia mbili na wiki mbili za kuzijaza. Maswali sita ya mwanzo yalikuwa mepesi: unakwenda wapi, mara ngapi, viti vikoje, choo kikoje. La saba ndilo alilokuwa akiliogopa, na kila alipolifikia alilisoma haraka kama mtu anayevuka barabara. "Katika kipindi cha vizuizi vya ugonjwa, je, kuna safari uliyokusudia ukashindwa? Kama ipo, imebadilisha vipi namna unavyosafiri leo?"

Watu walimjibu mengi. Mfanyabiashara mmoja alisema siku hizi hukodi gari na wenzake watatu anaowajua mpaka chafya zao. Msichana mmoja alisema hawezi tena kukaa mahali ambapo mtu anampumulia kisogoni. Mama mmoja aliungama kwamba tangu alipojifunza kutoa pole kwa simu, miguu imekuwa mizito. "Nauli si tatizo," alisema. "Tatizo nimezoea." Bi Kipimo aliandika yote, akashukuru, akahamia kwa mwingine. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliowarudisha mlangoni miaka ile aliyekuwa amepita mbele ya kalamu yake, na kila jioni alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha akaona haya kwa kumshukuru.

Jina la Bi Kipimo alipewa na wachukuzi. Miaka ile ya ugonjwa, yeye ndiye aliyesimama mlangoni pa jukwaa, barakoa usoni na kioo cha plastiki juu yake, akimwelekezea kila abiria kipimajoto kwenye paji la uso. Kilipiga mlio mfupi, kikaonyesha tarakimu. Aliyevuka thelathini na saba na nusu alirudishwa nyumbani, jina na namba yake ya simu vikaandikwa daftarini, na hakupimwa tena. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na mkuu wa stesheni wa wakati ule alikuwa ameubandika ukutani kwa herufi kubwa.

Nje ya mlango huo palikuwa na benchi refu la chuma, miguu yake imejengewa kwenye saruji. Kuanzia saa sita mchana jua lote la mbele ya stesheni liliangukia pale. Abiria waliingizwa watano watano, na waliobaki walisubiri wamekaa juu ya benchi hilo, nusu saa, wengine saa nzima.

Mpaka leo Bi Kipimo hakuwahi kulikalia tena. Alilifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake mwenyewe, ingawa usafi haukuwa kazi yake, na wachukuzi walimtania kwamba anamwandalia mkwe. Hawakujua kwamba kuna saa za mchana aliwaona pale, wote kumi na mmoja, wamekaa bega kwa bega, nyuso zimeelekea mlangoni. Hawakumlaumu. Walisubiri tu, na kule kusubiri kwao ndiko kulikomnyima usingizi.

Treni ya saa nane na nusu ilikuwa bado dakika arobaini. Mwanamke mmoja alisimama peke yake karibu na nguzo, mkoba begani, futi ya kupimia nguo ikichungulia mfukoni.

"Habari za mchana, dada? Nina maswali machache tu."

"Uliza. Treni haijafika, sina pa kukimbilia."

Alikuwa fundi cherehani. Kila mwezi alikwenda stesheni ya saba kununua vitambaa na nyuzi, akarudi siku ya pili. Viti vizuri. Choo, afadhali kuliko zamani.

"Umeridhika kiasi gani?"

"Weka tano. Treni haina kosa."

Bi Kipimo aliweka tano, akavuta pumzi, akalisoma la saba kwa haraka yake ile ile. Fundi alihamishia mkoba bega la pili. Alitazama mlango wa jukwaa.

"Andika ipo," alisema.

"Ilikuwa ya wapi?"

"Stesheni ya nane. Kwa mama." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mimi kila mwezi nashuka stesheni moja kabla ya kwetu. Nikikaa dirishani naona kwa mbali, kilimani, bati la shule niliyosoma. Halafu nageuza. Hilo mnalo kwenye fomu?"

"Hapana, dada."

"Mama alikuwa mgonjwa. Kifua kinambana, akilala chali hapati pumzi, analalia nguo zilizokunjwa. Nikamshonea mto. Mto mkubwa, nimeujaza mwenyewe. Nikaja nao hapa, nikakaa, nikasubiri. Nilipofika mlangoni nikaambiwa nina homa. Thelathini na nane nukta nne."

Kalamu ilisimama. Bi Kipimo aliuona tena ule mto, mweupe, umefungwa kwenye nailoni, umekumbatiwa kama mtoto. Aliisikia na sauti: "Nipime tena dada, tafadhali, mimi siumwi." Aliisikia pia sauti yake mwenyewe nyuma ya kioo, ikisema kwamba utaratibu hauruhusu.

"Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kumwona," fundi aliendelea. "Kwa hiyo kaka zangu waliposikia nina homa wakajumlisha. Na mimi nikajumlisha. Aliyempelekea mama ugonjwa ni nani kama si mimi? Nilijifungia chumbani wiki mbili, sikukohoa hata mara moja, mwili hauumi hata ukucha. Nikasema ndio hao wanaobeba bila kuumwa. Mama alifariki siku ya tano. Nilipompigia kaka mkubwa kulia, akaniambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole." Aliukaza mkoba begani. "Hakusema kwa ubaya. Na yeye alikuwa analia."

"Pole sana, dada," Bi Kipimo alisema.

Mchukuzi mmoja alipita na toroli lake. "Bi Kipimo! Leo umepata wa kuongea naye, hata hutusalimii?"

Fundi aligeuka. "Mbona wanakuita hivyo?"

"Kwa sababu ya haya maswali," Bi Kipimo alijibu. "Napima maoni ya watu."

Uongo ulitoka laini, bila hata kujikwaa. Fundi aliitikia kwa kichwa. Bi Kipimo alimshukuru kwa muda wake, akaondoka na fomu yake mpaka kwa kijana aliyekuwa akila ndizi, akaanza kumuuliza anakwenda wapi. Kijana alijibu. Bi Kipimo hakusikia. Alimuuliza tena, kijana akajibu tena, na bado hakusikia. Kama kuna kitu alichowahi kukiomba katika miaka yote ile, hata huku akikiogopa, ni mmoja tu kati ya wale aje, asimame mbele yake, ili aseme. Sasa amekuja, na yeye amemkimbia kwa hatua kumi na tano.

Alikwenda chumba cha wafanyakazi, akafungua kabati lake. Kipimajoto kilikuwa nyuma ya sare ya zamani, kimefungwa kwenye leso. Vizuizi vilipoondolewa hakuna aliyekidai, naye hakukirudisha. Kila betri zake zilipokwisha alinunua nyingine, asijue za nini.

Aliporudi, fundi alikuwa pale pale nguzoni.

"Dada, nina ombi. Siku ile ulikaa wapi?"

"Pale." Alionyesha benchi.

"Naomba ukae tena. Dakika kumi tu."

"Kwenye jua lote lile? Hilo nalo ni swali la kampuni?"

"Hapana. Ni langu."

Labda ni kwa jinsi sauti ile ilivyotetemeka, fundi hakubisha. Alikwenda akakaa, akainama kidogo kwa ukali wa mwanga. Chuma kilikuwa kimepata moto, akatandika mkoba chini yake. Bi Kipimo alisimama pembeni, macho kwenye saa ya ukutani, mikono nyuma. Dakika zilipotimia alitoa kipimajoto, akakielekeza kwenye paji la uso la yule mwanamke. Kikalia.

Alimgeuzia asome mwenyewe. Thelathini na nane nukta mbili.

"Njoo kivulini."

Walikwenda chini ya paa, karibu na bomba la maji. Bi Kipimo alimpa maji ya kunywa. Walisubiri tena. Kwa mbali reli zilianza kutoa ule mlio mwembamba wa treni inayokaribia. Kikalia mara ya pili.

Thelathini na sita nukta nne.

Fundi aliitazama ile tarakimu mpaka ikazimika yenyewe. Kisha akauinua uso polepole, akamtazama Bi Kipimo machoni. Siku ile hapakuwa na kingine cha kuonekana isipokuwa macho.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Sikuwa na homa."

"Hukuwa na homa. Mama yako alipata wapi ugonjwa, sijui, na sitaki kukudanganya. Najua tu kwamba siku ile hukuwa na homa. Lilikuwa jua."

Midomo ya fundi ilicheza. Kuna mzigo uliomtoka mabegani, Bi Kipimo aliuona ukitoka. Lakini kabla haujafika chini, kitu kingine kilishaingia usoni mwake.

"Kwa hiyo ningepanda."

"Ndiyo."

"Ningefika na mto wangu."

"Ndiyo, dada."

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimngoja Bi Kipimo miaka yote. "Kesho yake. Nilikaa pale kula chakula cha mchana, nikajipima kwa mchezo tu. Nikakuta na mimi nina homa. Tangu siku hiyo nikawa nawaambia watu wasubiri kivulini."

"Kesho yake mama alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Na siku ya pili yake. Na ya tatu."

"Namba yako ilikuwa daftarini, pamoja na za wenzako kumi waliotoka kwenye benchi lile. Nilimwambia mkuu, akasema tukianza kuwapigia watu tutaitwa wauaji, nifunge mdomo, nina watoto. Jioni nikachukua simu. Nilibonyeza tarakimu zote, ikabaki ya mwisho." Bi Kipimo alikuwa akilia sasa, bila sauti. "Niliogopa. Sina jingine la kusema. Niliogopa, na nikakuachia wewe uubebe."

Treni iliingia. Watu walisogea, mizigo ikainuliwa, yule mzee msindikizaji akambusu mkewe mkononi mbele za watu, bila aibu wala utani. Fundi hakusogea. Alinyoosha mkono, akakichukua kipimajoto kutoka mkononi mwa Bi Kipimo kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Akakielekeza kwenye paji la uso la mwenzake. Bi Kipimo alifumba macho. Alisikia mlio.

Alipofumbua, fundi alikuwa akisoma tarakimu, na hakuitaja.

"Hiki naondoka nacho," alisema, akakitia mkobani. "Kaka zangu ni watu wa kuona kwa macho."

"Chukua."

"Na ile tano yangu ifute."

"Niandike ngapi?"

Fundi alikwishageuka. Alipanda behewa la tatu, akakaa upande wa dirishani. Hakupunga mkono, wala Bi Kipimo hakutegemea apungiwe. Tiketi yake ilikuwa ya stesheni ya saba.

Treni ilipotoweka, Bi Kipimo alikwenda kwenye benchi, akakaa. Mchukuzi wa toroli alimpigia kelele kwamba ataungua, akaenda zake. Chuma kilimchoma mapajani. Pande zote mbili za benchi zilikuwa tupu, kwa mara ya kwanza, au pengine aliona hivyo kwa sababu alikuwa amekaa pamoja nao. Alikaa mpaka kivuli cha paa kikamfikia miguuni, kisha magotini, kisha usoni.

Saa kumi na moja jioni alikuwa ndani ya ofisi ya mkuu mpya wa stesheni, amesimama karibu na redio ya upepo ya kuwasiliana na stesheni nyingine. Mkuu mpya alikuwa mwanamke mpole, mwenye umri wa kuwa mdogo wake.

"Dada, bado uko kazini?"

"Namalizia fomu moja."

Redio ilikoroma. Stesheni ya saba ilisema treni imefika, wameshuka tisa. Baadaye ikasema imeondoka. Mkuu aliandika, akapiga mwayo, akamsogezea kiti. Bi Kipimo hakukaa. Fomu ilikuwa mkononi mwake. Ile tano alikuwa ameifuta mara nyingi mno, mpaka karatasi ikatoboka, na mwanga wa dirishani ulipenya pale kama kichwa cha pini.

Ishirini na mbili. Ndizo dakika kutoka ya saba mpaka ya nane, na alizihesabu zote.

"Stesheni ya nane hapa," redio ikasema. "Treni imefika salama. Ameshuka abiria mmoja, mwanamke mwenye mkoba."

Mkuu aliandika moja. Bi Kipimo alikisogelea chombo kile, akaweka kidole kwenye kitufe cha kuongelea, kama jioni ile kwenye tarakimu ya mwisho. Huku kwao jua lilikuwa likishuka, na benchi la nje lilikuwa limeanza kupoa.