Sauti Zinazofika Kesho

Jumanne asubuhi msusi alifungua saluni yake, akatoa kiti cha plastiki nje, akapangusa mvuke kwenye kioo, kisha akaanza kuchambua nywele za bandia huku akiwasikiliza wateja wa jana.

Wateja wenyewe hawakuwepo. Mmoja alikuwa kwake anafua, mwingine ameenda kupima presha. Sauti zao ndiyo kwanza zilikuwa zinafika, maana katika mtaa ule neno likisemwa leo linasikika kesho, wakati uleule, palepale liliposemwa. Ilianza miaka mingi nyuma, kampuni ya umeme wa jotoardhi ilipofungua kisima cha mvuke nyuma ya shule. Kisima kilinguruma msimu mzima, na watu waliolala karibu nacho sauti zao, na hata milio ya mikono yao, zikaanza kuchelewa. Mwanzoni kidogo tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Mwisho ikawa siku nzima. Kampuni ilileta daktari wa masikio. Akapima masikio ya mtaa mzima, akakuta yako sawa, akaondoka. Na kweli yalikuwa sawa.

Watu wakazoea. Akina mama waliwafunika watoto waliolala fofofo huku kilio cha jana kikizunguka juu ya kitanda. Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuja kwa basi kutoka mbali, aliwapa wanafunzi maswali ya kesho leo, wakayajibu bila kusikika, na kesho yake akiuliza tu majibu yanamdondokea. Wenye ndoa za siku nyingi hawakuona tofauti. Wenye ndoa changa waligombana leo, wakapatana usiku, halafu kesho yake wakala chakula cha mchana chini ya matusi yao wenyewe. Ukirekodi sauti kwenye simu na kumtumia mtu, inafika tupu kama ganda la yai. Basi wote wakawa mafundi wa kuandika, vidole vinakimbia kuliko midomo. Simu zenyewe walizichaji ng'ambo ya barabara, kwa sababu nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa yao bila kushuka.

Saluni ilipendwa sababu ya kile kioo kikubwa. Mbele yake watu walisomana midomo, ndiyo maana umbeya wa pale ulinyooka.

"Umemwona Tai?" sauti ya mteja wa kwanza ikauliza, juu ya kiti kitupu. "Tangu apewe gari la kampuni, salamu anatupa kupitia dirishani."

"Na dirisha lenyewe hafungui lote," ikajibu ya pili. "Anafungua ya kutosha pua."

Wakati huohuo Tai akainama kupita mlangoni. Aliitwa hivyo kwa sababu hata siku ya kufua alivaa tai. Alikuwa mdogo wake msusi, tumbo moja. Mama yao alipokufa, Tai alikuwa bado hajui kufunga viatu, na dada yake ndiye aliyemlea, kichwa cha mteja kimoja baada ya kingine, mpaka akafika chuo. Sasa alikuwa afisa wa kampuni, mtu wa kuongea na wakazi na kuwatafsiria wageni. Alilala kwenye nyumba za wafanyakazi, upande ambao upepo haupeleki mvuke, na sauti yake ilikuwa imerudi kufika papo hapo.

"Kumbe mimi ndiyo habari ya mtaa," akasema.

Msusi akaandika kwenye simu, akamgeuzia. "Hiyo ya jana. Ya leo bado hatujaanza."

Tai akacheka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama, akanyoosha tai.

"Dada, Alhamisi alasiri kuna wageni wa benki, mama mmoja na mwenzake, ukumbi wa shule. Mtambo unapanuliwa. Visima vipya, mabomba mapya. Hela inatoka benki ya nje, na benki haitoi mkopo mpaka iwasikie wakazi kwa masikio yake. Wanakuja na mashine ya kurekodi. Kinachoingia kwenye mashine ndicho kinachohesabika."

"Bomba linapita wapi?"

Tai aliangalia chupa za mafuta ya nywele, akaangalia dari, akaishiwa pa kuangalia.

"Hapo ulipo," akasema.

Msusi hakuruka wala hakukaa. Aliandika. "Lizunguke kwenye uwanja wenu wa mpira. Nyasi tupu pale."

"Uwanja wa mabosi huo, dada. Kuzunguka ni gharama, na gharama ikipanda benki inaanza maswali. Mkopo ukikwama, mradi umekwama. Mkataba wangu nao unaisha na mradi."

"Wewe una shahada, utapata kazi nyingine. Mimi mtaa mwingine nitaupata wapi?"

Tai akanyoosha tai tena. Juu ya kichwa chake mteja wa jana alikuwa anaeleza bei ya sabuni.

"Usiwe na wasiwasi," msusi akaandika. "Habari ya wageni tulishaisikia, tumeshapanga. Tutaongea Jumatano alasiri, ili wasikie Alhamisi."

"Nyie watu!" Tai alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamwisha polepole. "Wote mtaongea?"

"Wote. Wewe ndiye utatafsiri."

"Sawa, dada," Tai akasema. "Nimekuelewa."

Jumatano alasiri mtaa ulijaa ukumbini, ukakaa ukiangalia viti vitupu vya mbele. Fundi baiskeli ndiye aliyeendesha mkutano. Aliinama kwa heshima mbele ya kiti kilichotengwa kwa mgeni mkubwa, akaongea, akanyamaza ili kiti kipate nafasi ya kuuliza swali, akatikisa kichwa, akajibu. Bibi wa kona, ambaye akishika neno halitoki mkononi mwake, aliongea mpaka wajukuu wakamvuta gauni. Mvuke uliingia madirishani ukalala sakafuni, miguu ya watu haikuonekana tena, na ukumbi mzima ulikuwa kimya kama picha. Msusi alisimama wa mwisho. Alisema aliyokuja nayo, na mwishoni akaongeza maneno mengine ambayo hakuwa ameyapanga, yakamtoka tu kwa sababu moyo ulikuwa mweupe. Walirudi nyumbani wepesi, kama watu waliotua mizigo.

Alhamisi asubuhi, msusi akiwa amesuka nusu ya kichwa cha mteja, simu ikalia. Ujumbe wa Tai, kwa mtaa mzima: "Ratiba imebadilika. Wageni wako njiani sasa hivi. Njooni ukumbini."

Wakaenda mbio. Mteja alikwenda na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Fundi baiskeli alikwenda na tairi mkononi.

Mama wa benki alikuwa mtu mwema, hilo hakuna aliyelikataa. Viatu vyake vilijaa tope na hakujali. Aliongea kwa lugha yake, Tai akatafsiri: benki inataka kusikia kila mtu, hakuna jibu baya, aliye na pingamizi aseme bila woga. Mwenzake akawasha mashine, akaisogeza mbele.

Fundi baiskeli akasimama, akasema. Mshale wa mashine haukusogea. Bibi wa kona akasimama, akasema, akaweka mkono kiunoni, akasema zaidi. Mshale ulilala. Mama wa benki alijisogeza ukingoni mwa kiti na kuzungushia sikio kiganja. Tai alikuwa amekulia mtaa ule, midomo ile yote aliijua kuisoma tangu utotoni. Aliangalia kalamu yake.

Watu wakaanza kutikisa vichwa. Mstari mzima, kisha ukumbi mzima, kushoto, kulia, kushoto. Mama wa benki akamwinamia Tai, akauliza kitu. Tai akajibu kwa sentensi fupi. Uso wa yule mama ukafunguka. Akawageukia wakazi, naye akaanza kutikisa kichwa, kushoto, kulia, kwa upendo kabisa, huku anatabasamu.

Hapo msusi akainuka. Akapita katikati ya viti akiandika, akafika mbele, akamwekea mama wa benki simu mkononi. Yule mama aliiangalia vizuri, hakuweza kusoma, akampa Tai. Tai alisoma. Ujumbe ulikuwa mfupi, lakini alikaa nao muda mrefu. Kisha akasema kitu, na mama wa benki akagusa nywele zake, akacheka, akamshika msusi mkono kwa mikono miwili.

Nje, chini ya dirisha la ukumbi, dereva wa wageni, aliyeijua lugha yao, alikuwa anafuta tope kwenye magurudumu. Alikuwa mgeni, sauti yake haikuchelewa.

"Mama, ulichoandika sikukijua," akamwambia msusi. "Lakini yule kaka yako kawaambia unawakaribisha saluni. Na vile vichwa, kawaambia huku kwenu ndiyo kukubali."

"Ni mdogo wangu," msusi akaandika. Kisha: "Alasiri wageni wanakwenda wapi?"

"Alasiri? Hawana kitu. Wanakwenda kuogelea nyumba ya wageni ya kampuni." Akakunja kitambaa. "Ilikuwa mkutano uwe alasiri. Jana jioni yeye mwenyewe kaomba uwe asubuhi."

Msusi alirudi akamalizia nusu ya kichwa. Alisuka vizuri, mistari imenyooka. Alasiri ilipofika akafunga mlango, akaenda ukumbini.

Tai alikuwepo, peke yake, anakunja viti vya kampuni ili virudi stoo. Walitazamana. Msusi akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha mgeni mkubwa. Mvuke ukaanza kuingia. Kisha mkutano ukafunguliwa.

"Wageni wetu, karibuni sana," ikasema sauti ya fundi baiskeli, nene, imepigwa pasi. "Mtusamehe, sisi tumezoea kuongea mapema." Ikanyamaza. Upepo ukapita pale ambapo swali lilitakiwa kuwepo. "Ahsante kwa swali zuri. Hapana, hatukatai umeme. Sisi ndiyo tunaolala na kelele zake."

Bibi wa kona akafuata na historia ya mtaa mzima, nani alimuuzia nani kiwanja na nani alimlaghai, mpaka likasikika gauni likivutwa na yeye akisema, "Niache, mama wa watu ananisikiliza!"

Wakaendelea hivyo mmoja mmoja, kwa heshima, kwa viti. Tai aliendelea kukunja, ila taratibu zaidi, asiwakatishe. Mwisho ikaja sauti ya msusi. Yeye mwenyewe hakuwa ameisikia kabla ya hapo.

"Mama wa benki, mimi ni msusi. Ninapolala ndipo ninapofanyia kazi. Hatuhami. Bomba lizunguke kwenye uwanja wa mpira. Sina mengi." Ikanyamaza kidogo, kama iliyotaka kukaa, ikarudi. "Kama kuna neno hukulielewa, muulize huyo kijana aliyekaa karibu yako. Ni mdogo wangu, nimemlea mwenyewe. Mengine yote yatilie shaka ukitaka. Lakini yeye akikwambia nimesema hivi, basi ndivyo nilivyosema."

Mkutano ukaisha. Yakasikika makofi ya jana.

Tai alikuwa amesimama na kiti mkononi, amempa dada yake mgongo, ameelekea dirishani. Mabega yake yalianza kusogea. Msusi aliona anaongea. Aliongea muda mrefu, kichwa kikiinuka na kuinama, na ukumbini hakukusikika hata punje. Alipogundua kwamba sauti yake nayo imeanza kuchelewa, akagusa koo lake, kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta funguo. Hakushangaa sana. Alimaliza alichokuwa anasema, akaweka kiti juu ya vingine, akatoka navyo.

Ijumaa asubuhi kampuni ilituma ujumbe kwenye simu zote: benki imewasikia wakazi, imeridhika, mkopo umepita, ahsanteni kwa ushirikiano. Wapimaji wakaja na vigingi vyekundu. Walikuwa watu wa mbali, kwa hiyo kila nyundo iliposhuka mlio ulifika papo hapo.

Alasiri, msusi alikuwa na mteja kwenye kiti. Kigingi kimoja kilikuwa kimesimama kizingitini, mteja aliruka juu yake kuingia.

"Huendi ukumbini?" mteja akauliza kwa midomo, ndani ya kioo. "Si ndiyo wakati wa Tai kusikika?"

Msusi aliisoma midomo hiyo vizuri. Akachukua fungu jingine la nywele, akaligawa mara tatu, akaendelea kusuka.

Kule ukumbini, ambako viti vilikuwa vimeshaondolewa, sauti ya Tai ilianza kuongea, na iliongea mpaka ikamaliza.