Mama Kurasa Mbili

Kila asubuhi msichana alianza na nembo. Zilikuwa nembo thelathini na tisa za magari ya mbio, zimepangwa juu ya kitambaa cheusi, na kila moja aliipitishia brashi ya kunyolea ndevu kwa sababu mzee aliyemwajiri hakutaka tambara liguse shaba. Akimaliza hapo alikwenda kwenye sukani nane za ukutani, kisha glavu, kisha miwani ya vumbi, na mwisho kabisa kiatu kimoja cha dereva kilichokuwa na tope kavu la miaka ishirini na sita. Tope hilo halikufutwa. Kitu kikipungua chochote, mzee alipenda kusema, hata karatasi moja, hata tope lake, si kumbukumbu tena, ni taka.

Siku hiyo alikuwa amefika kwenye nembo ya kumi na nne mzee alipoingia na viatu vyake vya ndani, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Kimya, leo tunafungua kabati la chuma."

Msichana aliweka brashi, akainuka.

Kimya ni jina alilopewa na mzee mwenyewe, kwa kuwa kila alipoulizwa jambo alijibu kwa kichwa. Mfanyakazi aliyemtangulia alikuwa na mdomo kama redio, na mzee alishukuru kupumzika. Siku ya kwanza alimuuliza msichana aliyesoma chuo anatafuta nini kwenye kazi ya kupangusa vumbi. Msichana alitazama vidole vyake, akasema anapenda vitu vya zamani. Mzee alifurahi, maana watu wa namna hiyo ni wachache.

Lakini msichana alichokuja kutafuta ni daftari moja tu, na kwa miezi minane alikuwa akipita mbele ya kabati hilo lililofungwa.

Zamani mzee alikuwa dereva wa mashindano, na ubavuni mwake aliketi msoma njia, mwanamke kijana mwenye daftari magotini, akimtajia kila kona kabla macho hayajaiona. Katika mbio zao za mwisho gari lilikosa kona, likabingirika hadi mtaroni. Dereva alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Msoma njia alitoka na nyonga iliyovunjika. Na kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali, dereva alikuwa ameshamwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mwanamke yule alifunua kurasa mbili kwa mpigo, akairuka kona, akamwambia akanyage mafuta.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakambandika jina la Kurasa Mbili. Likamfuata sokoni, likamfuata hadi kwenye cherehani alikohamishia riziki yake. Alipojifungua akawa Mama Kurasa Mbili, na binti yake huko shuleni wakamwita Ukurasa wa Tatu. Mtoto mpole anayeitwa hivyo miaka saba mfululizo hajifunzi kupigana. Anajifunza kunyamaza na kuweka akiba.

Mama hakujitetea. Binti alipombana sana, alijibu mara moja tu, sindano ikiwa mdomoni: "Nilichokwisha kukisema nilikikata kwa penseli nyekundu. Daftari analo yeye." Na hadi leo, vipimo vya wateja anavikata kwa penseli nyekundu, kimoja kimoja, mkasi ukishapita. Hakati kabla. Binti amekaa miguuni pa cherehani hiyo tangu utotoni, na hajawahi kumwona akikosea hilo.

Kabati lilifunguka kwa kwikwi. Ndani mlikuwa na helmeti iliyobonyea, kibati cha namba kilichong'olewa mlangoni mwa gari, na daftari lililofungwa kwenye flana.

Mzee alieleza taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga. Jumamosi wangekuja wenzake wa chama cha wapenda magari ya zamani, kuamua mkusanyo wa nani utawekwa kwenye ukumbi wao, na jina la nani litaandikwa juu ya mlango. Wengine walikuwa na sukani, walikuwa na mabango. Daftari kamili la mbio zile hakuwa nalo mtu mwingine. Basi msichana alilaze kwenye sanduku la kioo, limefunuliwa ukurasa wa kwanza wenye jina la dereva, alifunge kwa uzi kurasa zisihame, kisha alifunike kwa kitambaa hadi wageni wafike.

"Huko ndani hamna la kuona," alisema mzee. "Kona tu."

Mzee alipokwenda kupokea simu, msichana alifunua. Mwandiko ulikuwa wa mama, mdogo, umesimama wima kama askari. Tangu ukurasa wa kwanza, kila mstari ulikuwa umekatwa kwa nyekundu. Ukurasa wa kumi na saba, mstari wa mwisho, uliandikwa: *Kulia kali. Teremsha gia mbili. Mtaro.* Wekundu ulipita juu ya kulia, ukapita juu ya gia, na katikati ya neno mtaro ukateleza, ukashuka ukurasa mzima hadi ukingoni na kuchana karatasi. Ukurasa wa kumi na nane ulikuwa na kona zake, ila bila wekundu. Wa kumi na tisa, vivyo hivyo.

Alilifunga daftari, akalirudisha kwenye flana.

Angeweza kupiga picha, ila picha ingekanushwa. Angeweza kuliiba, lakini angeitwa mwizi, na mama angepata jina jingine juu ya yale mawili. Isitoshe, hakutaka karatasi tu. Alitaka vicheko virudi vilikotoka.

Kilichomtesa ni kwamba mzee hakuwa mbaya saa zote. Msichana alipougua kikohozi, mzee alimletea dawa ya kifua, akamwambia, "Mwanangu, vumbi la watu lisije likakuua." Yeye alilia chooni siku hiyo, kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia mtu asiyemjali. Hata hivyo, Ijumaa jioni alilifunga daftari kwa uzi mara nne, ukurasa wa kumi na saba ukiwa juu, akalifunika.

Wageni walifika saa nne asubuhi, saba kwa jumla. Miongoni mwao alikuwa mzee mfupi waliyemwita Fundi Spana, aliyelihudumia gari lililopinduka katika mbio zile. Walizunguka vyumba wakipigana vijembe: huyu anakusanya kutu, yule ana helmeti kubwa kuliko akili. Msichana aliwapitishia chai, macho chini.

Mwishowe mzee alisimama mbele ya sanduku la kioo, akavuta kitambaa bila kugeuka, uso kwa wageni wake.

"Hili ndilo daftari la Kurasa Mbili," alisema. "Mnamkumbuka? Labda ukurasa alioruka bado anautafuta."

Walicheka. Mgeni mmoja alitupia kioo jicho, akasifu karatasi ilivyotunzwa, akaomba sukari. Hakuona kitu. Karatasi ilikuwa wazi mchana kweupe, na bado haikutosha.

Fundi Spana ndiye aliyevaa miwani yake na kuinama.

"Hii nyekundu ni nini?"

Mzee akageuka. Aliona ukurasa, na mkono ukatafuta kitambaa.

Msichana aliweka sinia ya chai chini. Sauti ilimtoka ndogo. "Alikata kila alichokwisha kukisema, mzee wangu. Hapo alikuwa anakata, gari likapinduka. Kurasa zinazofuata hazijaguswa."

Fundi Spana alisoma mdomo ukicheza. Kulia kali. Gia mbili. Mtaro. Alivua miwani, akamgeukia mzee mwenye nyumba.

"Alikwambia," alisema. "Na ushahidi umeukumbatia miaka yote hii. Kwa nini hukuuchana?"

Mzee alitazama daftari, kiatu, sukani za ukutani. Alipojibu alikuwa kama mtu anayeeleza jambo ambalo wote wanalijua.

"Lingekuwa limepungua."

Hakuna aliyecheka. Mgeni wa sukari alirudisha kikombe kwenye sinia, akachukua kofia yake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kuaga. Fundi Spana tu alibaki mlangoni.

Mzee alimgeukia msichana, macho yamelowa. "Kimya, mwanangu. Mimi nilikukosea nini?"

Angeweza kutikisa kichwa. Kwa miezi minane kichwa ndicho kilichojibu.

"Mimi ni binti wa Mama Kurasa Mbili," alisema. "Uliponiuliza natafuta nini hapa, nilikudanganya. Sipendi vitu vya zamani. Nilitaka uaibike, mzee, mbele ya watu unaowaheshimu, kama alivyoaibika mama."