Themosi Kwapani

Kwenye ukuta wa mgahawa wa bibi mmoja, doña Refugio, mjini Guadalajara, Meksiko, paliandikwa kwa rangi nyekundu: NYAMA YA KIARGENTINA, INACHOMWA NA MWARGENTINA. Mwargentina mwenyewe alikuwa Gualberto, mzaliwa wa Tacuarembó, Urugwai. Argentina alikuwa amefika mara moja tu, akang'olewa jino.

Hakuanza na nia ya kudanganya. Alipofika Meksiko alijitambulisha kwa mbwembwe, mkono kifuani: "Mimi Mwurugwai!" Watu wakampa pole, wakamuuliza kama vita vimeisha huko. Kuchora ramani hewani kila siku kunachosha. Kwa hiyo doña Refugio aliposema anatafuta Mwargentina wa kuchoma nyama, Gualberto, tumbo likimnguruma, akajibu, "Umempata."

Kazi aliifanya vilivyo. Alijisifu kupita kiasi, akaongea kwa sauti ya juu, akamkosoa kila mtu anavyokata nyama. Kwa maoni yake, Uargentina ndio huo. Siku Urugwai ilipoifunga Argentina, alishika kichwa na kuguna mbele ya wateja, kisha akaingia stoo akalibusu gunia la mkaa. Aliona aibu, lakini kodi ya nyumba haikusubiri aibu ipite.

Jumapili moja mchana akaja mteja aitwaye Ezequiel, mtu wa Rosario, Argentina. Doña Refugio akachangamka.

"Gualberto! Hebu njoo umwone ndugu yako!"

Gualberto akatoka jikoni. Alikuwa amejiandaa kwa siku kama hii: majina ya mitaa, timu za mpira, hata matusi. Kitu kimoja tu hakukifikiria. Mkononi alishika kibuyu cha chai ya mate, ile chungu ya Waargentina na Waurugwai inayofyonzwa kwa mrija, na themosi ya maji ya moto ameibana kwapani, kama alivyoibana tangu ujana, kama baba yake, kama nchi yao nzima.

Ezequiel akaitazama themosi, akaangua kicheko.

"Huyu ndiye Mwargentina? Basi mimi Mchina! Mama, sisi themosi tunaitua mezani, tunakaa, tunakunywa kama watu. Anayezunguka nayo kwapani kutwa nzima, kama mtoto anayepimwa homa, huyo Mwurugwai tu!"

Wateja wakageuka. Gualberto angeweza kukana. Meza ilikuwa hapo hapo, ni kuitua themosi tu. Mkono ukagoma.

"Doña, nisamehe," akasema. "Ni kweli. Nimekudanganya tangu siku ya kwanza, na ukinifukuza ni haki yako. Ila nimechoka kuikana nchi yangu. Mwurugwai nilizaliwa, Mwurugwai nitakufa!"

Machozi yakamlengalenga. Alisimama wima katikati ya mgahawa, themosi kwapani, akingoja kufukuzwa, na alijisikia fahari kama aliyeshika bendera.

Doña Refugio akamtazama kwa huruma.

"Jamani mwanangu, hilo nalo la kulilia? Hata mimi si wa hapa Guadalajara, kwetu Tepatitlán, mwendo wa saa moja kwa basi." Akamfutia Ezequiel meza, kisha akauliza, "Na huo Urugwai, ni mkoa wa upande gani huko Argentina?"

Ezequiel akajiziba mdomo kwa leso. Gualberto akafumbua kinywa. Akaiwaza bendera, wimbo wa taifa, mashujaa waliokufa kwa ajili ya uhuru. Akasikia na harufu ya nyama inayoungua.

"Wa mashariki, doña," akasema, akarudi jikoni.